Punda wa Damanhur

Kila nakala ya kanda ile ilikuwa na punda ndani yake.

"Dakika ya arobaini na moja: punda." Ndivyo ilivyoandikwa kwenye boksi, kwa wino mwekundu, kwa mwandiko safi wa Shukri Abdel-Wadud, karani wa tramu za Iskandaria. Aliyaandika maneno hayo kwa mkono wake kwenye kila nakala aliyoitoa kwa miaka kumi na tisa: nakala ya Tanta, ya Port Said, ya daktari mmoja aliyehamia Kuwait, ya mshona viatu wa Suez aliyeibadilisha kwa kanda tatu za harusi. Na kila alipofika kwenye neno lile la mwisho, mkono ulikuwa mzito kidogo. Punda mwenyewe alikuwa yeye.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka wa sitini na moja Wahiba Rashidi aliimba Damanhur, kwenye ukumbi wa sinema, na katikati ya onyesho akaimba kasida ambayo hakuwahi kuiimba redioni wala kuitia kwenye santuri, si kabla wala baada. Kasida ndefu, lakini watu walishikwa na wazimu kwa mstari mmoja tu: "Nimeuacha mlango, sikuufunga, ukirudi usipige hodi." Mstari huo aliuzungusha mara kumi na moja. Mara kumi na moja, na kila mara kwa njia nyingine, hadi wapiga fidla wakawa wanatazamana kama watu waliopotea mtaani kwao.

Radwan, kinyozi, ambaye wote walimwita Usta, yaani fundi, ndiye aliyeinasa. Alijibanza nyuma ya pazia na mashine yake, waya wa kipaza sauti akaupitisha chini ya viti mpaka safu ya nne, na juu ya kipaza sauti hicho, bila kujua kitu, alikuwa amekaa Shukri, miaka thelathini na miwili, koti jipya, nywele mafuta.

Wasikilizaji wa Wahiba walikuwa na neno lao: kufuli. Mwimbaji huufungua mstari, huuzungusha, huupandisha, huushusha, halafu huufunga kwa mkunjo mmoja wa mwisho, na hapo ndipo kufuli linapolia. Kufuli likishalia, piga kelele utakavyo. Rusha kofia yako, lia, mwite mama yako. Asiyepiga kelele hapo ni maiti, na mwimbaji naye hujiona anawaimbia maiti. Lakini apigaye kelele kabla ya kufuli, ndugu yangu, huyo ana jina moja tu.

Ile mara ya kumi na moja Shukri alisikia kufuli linakuja. Aliapa baadaye kwamba alilisikia. Akaruka kitini, akafungua kinywa: "Allaaah! Ewe mwezi, allaaah!" Na sauti ikamkatika katikati, ikapanda juu kama ya jogoo mdogo anayejifunza. Ila kufuli lilikuwa bado. Wahiba alikuwa amechukua njia nyingine kabisa, na njia hiyo, mkunjo huo wa mwisho, haupo kwenye kanda ya Radwan. Kilichopo ni Shukri.

Miaka miwili baadaye alialikwa kwa mara ya kwanza kwenye baraza la wapenzi wa Wahiba. Wakamwekea kanda ya Damanhur kama heshima kwa mgeni. Alipoisikia sauti yake mwenyewe akafungua mdomo aseme, lakini Radwan akawahi.

"Umemsikia?" Radwan alimwuliza, macho mekundu. "Umemsikia huyo punda? Nikimjua, wallahi, nitamnyoa kavu. Bila maji, bila sabuni, na wembe wa juzi!"

Shukri akafunga mdomo. Akaufunga kwa miaka kumi na tisa.

Tangu siku hiyo hakupiga kelele tena. Baraza lilihamia sebuleni kwake, mtaa wa Muharram Bey, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na mashine mbili za kunakilia, na kila Alhamisi baada ya alasiri walikuja watu saba na mifuko yao ya mbegu za kutafuna. Sheria ya baraza ilikuwa fupi: kanda haiuzwi, kanda hubadilishwa kwa kanda, na kanda haikatwi, hata ikiwa na kikohozi, hata ikiwa na mtoto analia, kwa sababu ukishaanza kukata hutajua pa kuachia. Wenzake walipiga kelele, walijipiga mapaja, mfamasia mmoja mnene alikuwa akivua viatu. Shukri alikaa kimya na leso mdomoni. Utamu ukimzidi, aliing'ata. Wakamwita Bwana Kimya. Wakamwonyesha kwa wageni: "Tazama adabu ya kusikiliza! Huyu ndiye msikilizaji! Si kama yule punda."

Mkewe Inshirah ndiye aliyehesabu leso. "Ya nne hii mwaka huu," alisema, akiinyoosha ili mwanga upite kwenye matundu. "Baba Nadir, mbona usipige tu kelele kama watu?"

"Wataijua sauti."

"Miaka yote hii? Meno yenyewe huna tena yale."

"Radwan anaijua, mama. Radwan analala nayo."

Sasa, mwezi wa Mei mwaka wa themanini na mbili, Radwan alikuwa dukani kwake akimnyoa mtu asiyemjua, mhandisi fulani aliyehamia karibuni. Mhandisi amefumba macho, povu mpaka masikioni, anaimba kwa pua: nimeuacha mlango, sikuufunga. Radwan akatabasamu, akaendelea. Lakini yule mtu alipofika mwisho wa mstari aliukunja. Aliukunja mahali ambapo Radwan hajawahi kuusikia ukikunjwa.

Wembe ukasimama shingoni.

"Hiyo," alisema Radwan polepole, "umeipata wapi?"

"Ipi?" mhandisi akafungua jicho moja. "Ondoa wembe kwanza, Usta."

Kumbe mama yake mhandisi, Bi Firdaus, mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya wasichana, alikuwa Damanhur siku ile ile, kwenye roshani ya wanawake huko juu, na mashine ya kaka yake ameificha chini ya koti. Alikuwa akiisikiliza kanda yake kila Ramadhani, peke yake, akipika. Hakujua kama kuna mtu mwingine duniani anayo.

Jumanne jioni Radwan alipanda ngazi za Shukri akiwa ameibeba kanda kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai.

"Bila punda!" alipaza sauti kabla hata ya salamu. "Shukri! Imenaswa kutoka juu, roshani ya wanawake, mashine chini ya koti, mbali na yule mlaaniwa! Utepe ni mkavu, unavunjika ukiutazama vibaya. Wewe ndiye mwenye mkono. Uinakili kesho, na Alhamisi Bi Firdaus mwenyewe anakuja tuisikilize wote. Mimi sijaisikia. Nimejizuia. Nimeshika tumbo njia nzima!"

Akamkumbatia, akambusu mabega, akashuka akiimba.

Shukri aligeuka, akamkuta Inshirah amesimama mlangoni pa jiko na bakuli la majani ya mzabibu, uso umebadilika.

"Roshani ya wanawake," alisema Inshirah.

"Ndiyo."

"Mwanamke mwenye koti?"

"Ndivyo anavyosema. Koti."

"La kahawia. Joto lote lile, ukumbi unatoka jasho, naye amejifunika koti magotini. Nilimwuliza, dada, una homa? Akaniambia nyamaza." Akaliweka bakuli chini. "Baba Nadir, mimi nilikaa naye bega kwa bega. Na ulipopiga kelele mimi nilisema kitu."

"Ulisema nini?"

"Nilikutaja."

"Kwa kunong'ona?"

Inshirah akamtazama mumewe kwa huruma. "Umenioa mwaka gani wewe? Lini ulinisikia nikinong'ona?"

Jumatano Shukri alituma habari kazini kwamba jino linamuuma. Alifunga mlango wa sebule, akafuta vichwa vya mashine kwa pamba na spiriti, akaivisha kanda ya Bi Firdaus taratibu, pumzi ameishika. Kwenye meza, pembeni, aliweka mkasi wa kushonea wa Inshirah na selotepu.

Hakuwa mtu wa kujidanganya. Alijua mkasi ule umekuja kufanya nini. Sekunde mbili, tatu, ni urefu wa mkono mmoja wa utepe. Unakata, unaunganisha, unatupa kipande jikoni kwenye maganda. Bi Firdaus ni mzee, hatakumbuka. Wengine hawajaisikia. Na Alhamisi zitaendelea, na mbegu, na mfamasia na viatu vyake, na jina la Bwana Kimya. Lakini nani angemwacha akae tena kwenye kiti kile, wakishajua? Angekuwa ameketi nao miaka kumi na tisa akiwacheka. Hivyo ndivyo wangesema. Na yeye hakuwahi kuwacheka hata siku moja.

Akaisogeza kanda mpaka mahali penyewe.

Kwanza alikuja Wahiba, mbali kidogo lakini mzima, sauti kama asali inayotoka kijikoni bila kukatika. Mara ya tisa. Mara ya kumi. Mara ya kumi na moja ikaanza, ikapanda, halafu kwa mbali sana, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto, akasikika kijana: "Allaaah! Ewe mwezi..." Na juu ya kelele hiyo, wazi kabisa, Wahiba alikwenda kushoto mahali ambapo dunia nzima ilimngojea kulia, akateremka ngazi tatu, akacheka ndani ya sauti yake, akafunga.

Shukri alishika leso kwa meno.

Ndipo mwanamke akasema, karibu, karibu kabisa, kana kwamba yuko begani: "Yuuu! Huyo Shukri wangu huyo! Jamani, mume wangu atatolewa nje!" Na akacheka.

Akairudisha. Akaisikia tena. Akairudisha.

Inshirah wa sasa alicheka na mkono mdomoni, kwa sababu ya jino lililong'oka upande wa kulia. Huyu wa kwenye kanda alicheka kwa mdomo wote, akafika chini, akaanza tena. Ana miaka ishirini na minne. Wameoana mwaka juzi. Hana anachokijua bado, wala mtoto wa kwanza waliyemzika, wala Nadir, wala ngazi nne za kupandisha maji bomba likikauka. Anacheka tu. Shukri alikuwa na kanda mia sita na kumi ndani ya nyumba ile, ameziandika zote, na hakujua kwamba hana hata moja yenye mkewe.

Mara ya saba mlango ukafunguka.

"Nani huyo?" aliuliza Inshirah.

"Msikilize."

Akasikiliza, amesimama, mikono ina mchele. Ilipokwisha, akakaa kwenye mkono wa kochi.

"Nilikuwa na kelele hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Mama yako alisema kweli kunihusu, basi." Akaona mkasi, akaona selotepu, akaelewa. "Haya. Kata. Sitakulaumu. Sauti yenyewe kama ya muuza samaki."

"Nikate nini?"

"Si umechukua mkasi wangu?"

Shukri aliutazama ule mkasi kana kwamba umeletwa na mtu mwingine. "Nilitaka kukata kucha," alisema.

"Basi nirudishie. Nina pindo la kushona." Akauchukua, akafika mlangoni, akageuka. "Irudishe kidogo, Baba Nadir. Pale nilipocheka. Niisikie nikiwa jikoni."

Alhamisi walikuja wote, na walikuja mapema. Bi Firdaus aliketishwa kwenye kiti kizuri. Mwanamke mdogo, mkavu, miwani kwenye mnyororo, akawatazama wanaume wanane kama darasa lililochelewa kupanga mstari. Inshirah alileta keki ya basbusa na chai ya nanaa. Wanawake wawili wakatazamana.

"Nakujua wewe," alisema Bi Firdaus.

"Ulikuwa na homa," alisema Inshirah, akarudi jikoni haraka.

Shukri akabonyeza. Radwan akaketi sakafuni, mbele kabisa, pua karibu igusane na spika. Kwa dakika arobaini hakuna aliyetafuna mbegu. Walipiga kelele mahali pa kupigia kelele, mfamasia akavua kiatu cha kwanza, akavua cha pili. Mara ya nane. Ya tisa. Ya kumi ikafungwa, wakalia, wakanyamaza. Ya kumi na moja ikaanza kupanda.

Sasa sikiliza kilichotokea. Watu hawa walikuwa wameisikia kanda ya Radwan labda mara mia tano kila mmoja. Walimjua yule punda kama wanavyozijua ngazi za nyumba zao gizani. Na hapa, mahali pale pale, hapakuwa na kitu, palikuwa patupu, kijana mmoja tu anaita mbali huko. Mguu ukatafuta ngazi, ngazi haipo. Vinywa saba vikafunguka kwa pamoja:

"ALLAAAH! EWE MWEZI, ALLAAAH!"

Na sauti zikawakatika palepale, zikapanda kama jogoo mdogo. Saba zote. Ya Radwan ilikuwa kubwa kuliko zote.

Kanda ilikuwa imepita. Palikuwa na makofi ya Damanhur tu.

"Nani amepiga kelele?" aliuliza Radwan.

"Wewe," alisema mfamasia.

"Mimi?"

"Wewe, Usta. Na mimi. Na hawa."

"Darasa la ajabu sana," alisema Bi Firdaus.

Wakaanza kucheka. Walicheka mpaka mmoja akalala ubavuni. Radwan alikuwa anajipiga kichwa kwa kiganja: "Miaka ishirini na moja naungojea mkunjo ule, nimeufunika mwenyewe! Mimi!"

Shukri alikaa na leso mkononi. Mkunjo ulikuwa umefunikwa, na jina lake pia. Hakuna aliyelisikia. Angeweza kusema utepe ni mkavu, hauvumilii kurudiwa leo. Wangemwamini, yeye ndiye mwenye mkono. Jikoni vikombe vilikuwa vimeacha kugongana. Alijua Inshirah amesimama nyuma ya mlango, anasikiliza.

"Naurudisha," alisema Shukri. "Lakini safari hii fungeni midomo. Baada ya kufuli kuna sauti ya mwanamke. Nataka muisikie."

"Mwanamke gani?" aliuliza Radwan.

"Mke wangu."

Wakaziba midomo kwa mikono, wanaume wazima, kama watoto wanaocheza. Wahiba akapanda, kijana akaita ng'ambo ya mto, njia ikageuka kushoto, ngazi tatu, kicheko ndani ya sauti, kufuli. Machozi yalikuwa yanamtiririka Radwan kwenye vidole. Na kabla hajaondoa mkono: "Yuuu! Huyo Shukri wangu huyo! Jamani, mume wangu atatolewa nje!"

Shukri akaizima mashine.

Radwan aligeuka polepole, bado sakafuni. Akamtazama Bwana Kimya kuanzia viatu mpaka kipara.

"Wewe," alisema.

"Mimi."

"Miaka kumi na tisa nakula basbusa ya punda."

"Siku ya kwanza nilitaka kusema. Ukasema utaninyoa kavu."

"Na nitakunyoa!" Radwan alisimama, magoti yakamlia. "Jumamosi, saa mbili, dukani kwangu, mbele ya watu! Wahiba mwenyewe anaimba sikuufunga, sikuufunga, mara kumi na moja anasema mlango haukufungwa, na wewe peke yako Misri nzima unasikia umefungwa!" Kisha akakaa chini ghafla, akamshika Shukri goti. "Lakini ulisikia nini pale? Niambie. Wewe uliyekuwa kwenye kiti. Ulisikia nini mpaka ukaruka?"

"Kufuli. Wallahi, Usta, lilikuwa linakuja."

"Lilikuwa linakuja kweli," alisema Bi Firdaus. Wote wakamgeukia. "Mimi nilimwona Wahiba uso. Alikuwa anafunga, mdomo umeshajikunja. Huyu bwana alipopiga kelele akacheka, akaghairi, akaenda njia ile nyingine."

"Hapana!" alifoka Radwan. "Hapana, Bi mkubwa! Usimpe punda sifa!"

"Nilikuwa na darubini, mwanangu."

Hapo fujo ikaanza. Nusu ya baraza wakasema bila punda mkunjo usingekuwepo, nusu wakasema Wahiba hakuwahi kuongozwa na mtu, sembuse karani wa tramu. Mfamasia alibadili upande mara mbili, miguu mitupu. Chai ikapoa. Mwishowe wakakubaliana jambo moja tu, kwamba lazima ipigwe tena, na kwamba safari hii Shukri apige kelele, na wao wanyamaze, ili ijulikane.

"Siwezi," alisema Shukri. "Nimesahau."

"Toa leso," alisema Radwan.

Akaitoa. Kanda ikazunguka. Alikaa amenyooka, mikono magotini, anajiambia ngoja, ngoja kufuli, umri umekwenda, sasa unajua njia. Wahiba akapanda. Na Shukri, aliyeijua njia ile, aliyekuwa ameisikia mara nane jana na mara mbili leo, akasikia kufuli linakuja, akaruka kitini kama mtu aliyechomwa sindano:

"Allaaah! Ewe mwezi, allaaah!"

Ikakatika palepale.

"Mapema!" walinguruma wote. "Mapema tena! Punda! Punda yule yule!" Na mlango wa jiko ukafunguka kwa kishindo, Inshirah amesimama pale na kitambaa cha vyombo begani, anacheka kwa mdomo wote, jino lililong'oka na yote, mkono hauko mdomoni.

"Yuuu!" alisema. "Huyo Shukri wangu huyo!"

Radwan peke yake hakupiga kelele wakati huo. Alikuwa ameinama kwenye mashine ya pili, kipaza sauti ameshakichomeka, taa nyekundu inawaka. Ameiwasha tangu lile zogo la darubini, bila kumwambia mtu, kama alivyozoea. Aliiacha iende mpaka utepe ukaisha na mkia wake ukawa unapigapiga. Kisha akatafuta boksi tupu, akampa Shukri kalamu ya wino mwekundu.

"Andika," alisema. "Muharram Bey, Alhamisi, Mei."

Shukri akaandika, mwandiko safi.

"Dakika ya kumi na mbili."

"Kumi na mbili," alisema Shukri. "Punda?"

"Andika na jina lake, na la baba yake. Na yule daktari wa Kuwait naye apelekewe barua, amjue punda wake."